Behewa la Shilingi 150 Lililogeuka Garratt

Leo sitazungumzia bei ya unga wala mambo ya Bunge. Wenye kuyazungumzia hayo wako wengi, na baadhi yao wanalipwa vizuri kuliko mimi. Leo nataka nikueleze jinsi nilivyolichukua behewa moja la treni ya watoto, behewa la plastiki nililolinunua kwa shilingi 150, nikaligeuza kuwa injini. Wala si injini ya kubuni kichwani. Ni injini iliyokuwako kweli, yenye namba yake na jina lake, iliyovuta mizigo kutoka Mombasa kupanda Nairobi kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Najua wapo watakaouliza: mtu mzima mwenye mvi anachezea treni za watoto? Naam, anachezea. Ngoja nikupe sababu, kisha utanihukumu.

Baba yangu aliingia kazini katika Reli za Afrika Mashariki mwaka 1958, kijana asiyejua hata kufunga tai. Alianza kwa kufagia karakana, akapanda akawa mchochea moto, au fayamani kama walivyojiita wenyewe, na mwisho akawa dereva. Siku hizi yuko nyumbani Voi, amevuka miaka 80, na presha ya macho imemnyang'anya nuru yote. Haoni hata mwanga wa dirisha. Masikio yake lakini ni mazima kuliko yangu, na mikono yake bado ina nguvu ya koleo.

Siku moja tulikuwa tumeketi kwake tunakunywa chai. Kijana wangu wa mwisho akamwuliza, "Babu, wewe ulikuwa unaendesha treni kama ile ya SGR?" Mzee akacheka, akaanza kueleza. La, haikuwa vile. Ilikuwa na tangi mbele, tangi nyuma, na boila katikati limelala kama daraja. Mtoto akasema, "Kama lori la maji?" Mzee akasema la, si lori. Akapapasa mezani, akalichukua kopo la sukari akaliweka huku, kopo la majani ya chai akaliweka kule, akaishika chupa ya chai ailaze katikati. Chupa ikamponyoka. Chai ikamwagika juu ya kitambaa na mapajani mwake. Tukakurupuka na matambara. Yeye akatulia kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi, mjukuu wangu. Ule ulikuwa mtambo wa kuonwa kwa macho."

Nilirudi Mombasa na maneno hayo yamenikaa kooni.

Sasa nikueleze mtambo wenyewe. Unaitwa Garratt, kwa jina la Mwingereza Herbert William Garratt, aliyebuni mpango wake mwanzoni mwa karne ya 20. Kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester ikaujenga, na Garratt za kwanza kabisa zilikwenda Tasmania mwaka 1909. Reli ya Kenya na Uganda ilipata Garratt zake za kwanza mwaka 1926. Zile anazozizungumzia baba yangu ni za daraja la 59, zilizofika hapa kuanzia mwaka 1955. Zilikuwa 34 tu, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Urefu wake ulikaribia mita 32, uzito wake ukapita tani 250, na zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutembea juu ya reli ya upana wa mita moja popote duniani. Ziliweza kuvuta treni ya tani 1,200 kutoka bandarini, kwenye usawa wa bahari, mpaka Nairobi iliyo juu zaidi ya mita 1,600.

Kwa nini ziliumbwa vile? Reli yetu ni nyembamba, ina kona nyingi na milima mingi. Ukitaka nguvu unahitaji boila kubwa, lakini boila kubwa ni zito, na reli nyepesi haivumilii uzito mwingi mahali pamoja. Tena injini ndefu iliyo kipande kimoja haipindi konani. Garratt akaukata mtambo vipande vitatu. Mbele kuna fremu yenye magurudumu, silinda zake na tangi la maji. Nyuma kuna fremu nyingine kama hiyo, imebeba mafuta na maji mengine. Katikati boila na chumba cha dereva vimelazwa juu ya fremu ya tatu isiyo na gurudumu hata moja, iliyoegemea zile mbili kwa pini kubwa. Injini ikiingia konani, ya mbele inageuka, ya nyuma inageuka, boila linakatiza ndani ya kona kama upote wa upinde. Na kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, unaweza kulinenepesha utakavyo.

Hapo ndipo behewa linapoingia. Nilikuwa Kongowea, sokoni, natafuta suruali. Kwenye rundo la vitu vya kuchezea vya mtumba, katikati ya wanasesere wasio na nywele, nikaliona behewa la abiria la plastiki, lina magurudumu manane ya chuma, limeandikwa H0 tumboni. Injini yake haikuwepo. Pembeni kulikuwa na mfuko wa reli za duara, vipande 12, zikitimiza mduara mmoja wenye upana wa sentimita 72 hivi. Nikaligeuza behewa juu chini. Lilikuwa na kitoroli cha magurudumu manne mbele na kingine nyuma, kila kimoja kikizunguka kwenye pini, na sakafu ikipita juu yao kama daraja. Nilisimama pale na suruali ya watu begani. Hilo behewa lilikuwa tayari ni Garratt! Lilichohitaji ni kuvuliwa nguo na kuvishwa nyingine.

Kabla ya kushika msumeno, ilibidi nipige hesabu, na hesabu ndiyo inayowashinda wengi katika kazi hii. Alama ya H0 maana yake ni kwamba kila kitu kimepunguzwa mara 87. Mita 32 ukizigawanya kwa 87 unapata sentimita 36 na ushei. Boila lililokuwa na upana wa kiasi cha mita 2 na sentimita 29 linakuwa milimita 26. Hadi hapo sawa. Lakini reli za H0 zina nafasi ya milimita 16.5 kati yao. Zidisha kwa 87, unapata milimita 1,435. Hiyo si reli ya baba yangu. Hiyo ni reli ya SGR, ile iliyofunguliwa mwaka 2017! Reli ya mita moja ingetaka nafasi ya milimita 11.5 tu. Kwa hiyo injini yangu ina mwili wa Garratt na miguu ya SGR, na sikuona njia nyingine ila kutengeneza reli mpya kwa mkono, kazi ambayo Mungu hakunipa subira yake. Nilikubali kosa hilo tangu mwanzo. Ukiwa na makosa, heri uyajue.

Nilikata mwili wa behewa kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, mara tatu. Ncha mbili zikawa matangi. Kipande cha katikati, chenye milango, kikawa chumba cha dereva, na vingine vikawa akiba ya plastiki. Madirisha niliyaziba kwa puti ile wanayotumia mafundi wa kunyoosha magari, nikasugua kwa msasa mpaka vidole vikakosa alama. Sakafu nikaifupisha ikabaki sentimita 17. Juu yake ndipo boila lingelala.

Boila lenyewe lilinichekesha. Nilizunguka juma zima nikitafuta kitu cha milimita 26. Makopo ya dawa ni manene, kalamu ni nyembamba. Kisha nikawa chini ya sinki nyumbani, narekebisha bomba linalovuja, nikalipima kwa mazoea tu. Bomba la plastiki la robo tatu inchi, hili hili la maji, kwa nje ni milimita 26 na nusu hivi. Boila la Manchester lilikuwa limelala jikoni kwangu siku zote!

Kosa langu la kwanza la kweli nililifanya kwenye matangi. Niliyagundisha sakafuni, pamoja na boila. Likapendeza sana mezani. Nilipoliweka relini na kulisukuma kwa kidole, vitoroli vikapinda kona, matangi yakaelekea moja kwa moja nje kama ng'ombe aliyekataa kurudi zizini. Lilikuwa bado ni behewa. Nilikuwa nimesahau somo lote la Bwana Garratt: tangi ni la kitoroli, si la daraja. Nikayabandua, nikaongeza kila kitoroli kwa vipande vya alumini ya fremu ya dirisha, nikayaweka matangi juu ya vitoroli vyenyewe na kuacha nafasi ya milimita 4 kati ya tangi na boila ili visigongane konani. Ndipo kitu kile kikaanza kutembea kama nyoka, kama inavyotakiwa.

Magurudumu, sasa. Injini ya daraja la 59 ina magurudumu 28. Behewa lina 8. Unaweza kununua magurudumu kutoka Ulaya, lakini bei yake pamoja na posta ingeleta maneno nyumbani. Nikatafakari: gurudumu la behewa langu lina upana wa milimita 11, na kifungo cha shati, ukikipima, ni hivyo hivyo. Yanayobeba uzito ni yale 8 ya chuma, manne kila kitoroli. Mengine 20 ni vifungo, vimening'inia nusu milimita juu ya reli, havigusi chochote, macho tu ndiyo yanayodanganyika. Nilipomwambia mama kwa simu kwamba natafuta vifungo 20 vinavyofanana, hakuuliza vya nini. Alinitumia kwa matatu bahasha ya vifungo vya khaki vilivyofumuliwa kwenye mashati mawili ya kazi ya baba. Mafundi wa kweli wa vitu hivi watasema magurudumu ya kuendesha ya injini ile yalikuwa na upana wa mita 1 na sentimita 37, kwa hiyo yangu ni madogo mno. Ni kweli. Wao watumie vifungo vya koti.

Tukaja kwenye mwendo. Treni nyingi za namna hii hupata umeme wake kwenye reli, volti 12, upande mmoja wa reli ukipeleka na mwingine ukirudisha. Mimi sikutaka hilo. Reli zangu za mtumba zilikuwa na kutu, na stima ya Voi ina tabia zake. Nikaamua kutumia betri, na nafasi ya betri ikawa ndani ya bomba: nne ndogo, zile za rimoti, mbili mbili zikifuatana, jumla volti 6. Moto wa injini ukakaa palepale ulipokuwa zamani.

Mota nikaitoa kwenye redio ya kaseti iliyokufa. Nikaunganisha waya, ikazunguka vizuri. Nikapunguza betri, mwendo haukupungua. Nikageuza waya ili irudi nyuma, ikakataa kata kata. Nilihangaika siku mbili nikidhani nimeiunguza. Fundi wa redio mtaani kwetu alinicheka mpaka akaweka chini chuma chake cha kulehemu. Mota ya kaseti, aliniambia, ina kidhibiti ndani yake cha kuufanya mwendo usibadilike kabisa, maana kaseti ikienda mbio mwimbaji anageuka panya. Na haikuumbwa kurudi nyuma. Nilikuwa nimechagua mota pekee nyumbani isiyoweza kutii dereva. Akanipa nyingine kutoka deki ya video, ile iliyokuwa ikimeza kanda. Hiyo haina kidhibiti: ukiipa umeme kidogo inakwenda polepole, ukigeuza waya inarudi. Tena ilikuja na skurubu ya plastiki kwenye mhimili wake na giya ya meno 30.

Skurubu na giya hiyo ndiyo roho ya injini ndogo, na nataka uielewe. Mota ndogo huzunguka mbio sana. Yangu ni kama mara 5,000 kwa dakika. Ukiifunga moja kwa moja kwenye ekseli ya gurudumu la milimita 11, treni itakimbia karibu mita 3 kila sekunde. Zidisha mara 87 upate mwendo wa injini kubwa: ni kama kilomita 900 kwa saa. Hiyo ni ndege ya abiria. Lakini skurubu ikizunguka mara moja, giya inasogea jino moja tu. Meno ni 30, basi mota izunguke mara 30 ili ekseli izunguke mara moja. Gawanya 900 kwa 30, unabaki na kilomita 30 kwa saa, ambao ndio mwendo wa treni ya mizigo inayopanda mlima. Na kile mota inachopoteza katika mbio inakipata katika nguvu, ukiondoa kile kinacholiwa na msuguano.

Kwa kurudi nyuma nilifunga chini ya tangi la nyuma swichi ndogo yenye miguu 6, waya zake zimekingamana, ukiisukuma huku chanya inakuwa hasi. Jambo hilo nililiona la lazima. Garratt ilikwenda nyuma sawasawa na mbele.

Nikaiwasha. Magurudumu yakazunguka kwa bidii, injini ikabaki palepale, kama mtu anayekimbia kwenye matope. Plastiki ni nyepesi, na gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hushika kwa kadiri ya uzito ulio juu yake. Nikaenda kwa wavuvi wa Old Town nikanunua chubwi, zile risasi za kuzamishia mshipi, nikazipondaponda kwa nyundo na kuzijaza kwenye tangi la nyuma, juu ya ekseli inayovutwa. (Ukishika risasi nawa mikono, na usiwape watoto.) Gramu 180 zikawa gramu 310, na injini ikaondoka kama bibi harusi. Kwa Garratt kubwa jambo hili lilikuwa na upande wake mchungu: maji na mafuta yalikuwa ndiyo uzito wa magurudumu, na kadiri yalivyotumika ndivyo injini ilivyokuwa nyepesi na magurudumu kuanza kuteleza.

Rangi sitaisimulia kwa kirefu. Injini zile zilikuwa za rangi ya damu ya mzee. Binti yangu alikuwa na chupa mbili za rangi ya kucha za namna hiyo. Siku hizi ana moja.

Jambo lililonipa kazi zaidi ni namba. Mwenye kuikagua injini hii hana macho. Jina la mlima, kwa kipimo cha mara 87, lingekuwa na herufi ndogo kuliko chembe ya mtama, na kidole kisingesoma kitu. Nikaacha jina. Nikachagua namba tu, 5918, nikaikunja kwa waya mwembamba wa shaba na kuigundisha ubavuni mwa tangi la mbele, kubwa kuliko inavyostahili. Namba 5918 ni Mount Gelai, mlima ulioko Tanzania karibu na Ziwa Natron, na ni mojawapo ya injini alizozitumikia baba.

Nikaenda Voi. Nikamwekea mzee mapajani bila kusema neno. Alikaa nayo muda mrefu. Kidole gumba kikapita juu ya tangi la mbele, kikasimama kwenye namba. "Hamsini na tisa kumi na nane," akasema, kama mtu anayesoma gazeti. Akaligeuza tangi, likageuka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akahesabu vifungo kwa ukucha. Akapita juu ya boila, na hapo akasimama.

"Hili bomba la moshi umelitoa wapi?"

Nikamwambia ni kifuniko cha kalamu nene.

"La duara?"

"La duara, Baba. Nimelitazama pichani."

"Umelitazama ubavuni." Akanirudishia injini. "Hii si fifti-nain. Fifti-nain bomba lake limebanwa, nyembamba namna hii, refu namna hii." Akaviweka viganja vyake viwili karibu karibu kama mtu anayeomba dua.

Sikubishana, lakini moyoni nilisema mzee amesahau. Miaka 40 na zaidi imepita. Na picha ninayo.

Juma la pili nilikuwa na shughuli Nairobi, nikapanda SGR pale Miritini. Nilipomaliza shughuli nikaenda Makumbusho ya Reli, yale yaliyofunguliwa mwaka 1971, nyuma ya stesheni ya zamani. Injini mbili za daraja la 59 zimebaki duniani na zote ziko pale: 5930 Mount Shengena, na 5918 yenyewe. Nikasimama mbele yake, uso kwa uso. Bomba la moshi lilikuwa jembamba kama kitabu kilichosimamishwa. Nikazunguka ubavuni, likaonekana pana. Picha yangu ilipigwa ubavuni, na mimi kwa akili yangu nikalifanya pana pande zote.

Baadaye nilipata maelezo. Linaitwa bomba la Giesl, kwa jina la mhandisi wa Austria, Adolf Giesl-Gieslingen. Katika injini ya kawaida, mvuke uliokwisha kufanya kazi hutoka kwa tundu moja chini ya bomba, na kwa kasi yake huvuta moshi na kuupa moto hewa. Giesl aliugawa mvuke huo kwenye vijitundu kadhaa vilivyopangwa mstari mmoja, ndiyo sababu bomba lazima liwe refu na jembamba. Moto unavutwa vizuri zaidi, na mvuke hausukumwi nyuma sana kwenye silinda. Kwa mchochea moto hiyo haikuwa nadharia. Injini hizi zilichoma mafuta, kwa hiyo kazi ya baba haikuwa kutupa makaa, ilikuwa kushika vali na kutazama rangi ya moshi kutwa nzima. Kila baada ya muda alitupa mchanga kwenye tanuru, nao ulivutwa kupitia mirija ya boila ukiisugua masizi, na wingu jeusi likatoka juu. Mtu aliyeishi na bomba namna hiyo hawezi kusahau umbo lake.

Nikarudi na kifuniko changu cha kalamu, nikakipasha moto kwa mshumaa, nikakibana kwa koleo. Kazi ya dakika tano.

Mara hii nilikwenda Voi na reli zote. Tulizitandaza juu ya ubao sebuleni, mtoto akasaidia. Mzee akapewa injini kwanza. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye bomba, kikalizunguka mara mbili. Hakusema ni sawa. Alichofanya ni kuushika mkono wa mjukuu wake, akauweka juu ya tangi la mbele. "Hapa maji." Akauhamisha. "Hapa boila, usiguse, ni moto." Mtoto akauondoa mkono haraka, kisha akacheka. "Hapa nyuma mafuta, na maji mengine. Na hapa," akakichukua kidole cha mtoto akakiingiza kwenye mlango wa chumba cha dereva, "hapa nilikuwa nasimama mimi. Upande huu. Dereva upande ule."

"Mlikuwa wawili tu?"

"Wawili, na joto."

Tukaiweka relini. Nikasukuma swichi, ikaondoka. Mzee akainamisha kichwa kusikiliza. "Inalia kama cherehani," akasema. Ni kweli, ile skurubu ya deki ya video haina adabu. Ikazunguka mara tatu. Akauliza kama inaweza kurudi nyuma, nikairudisha. Akaniambia niinue ubao upande mmoja. Niliweka kidaftari chini yake, kiasi cha sentimita moja na kidogo, ambacho kwa ubao ule wa sentimita 80 ni mwinuko wa asilimia 1.5, kama ule wa njia ya kutoka pwani. Injini ikafika kwenye mpando, sauti ikawa nzito, mwendo ukapungua, lakini haikusimama.

"Tunapanda Mazeras," mzee akamwambia mtoto. "Sasa tazama moshi. Ukiwa mweusi, umezidisha mafuta. Ukikosekana kabisa, umezidisha hewa. Unataka ule wa kijivu."

Mtoto akatazama bomba lisilotoa chochote. "Ni wa kijivu, Babu."

"Vizuri. Shika hapo hapo."

Betri ziliisha kabla hatujafika Mariakani.